Ulimi wa Kuazima

Katika hoteli zote zilizojipanga nyuma ya soko la wauza vitambaa mjini Karbala, hapakuwa na mkalimani aliyesifiwa kama Chasib bin Mutashar. Wenzake walikuwa na Kiajemi cha dukani, kile cha kutajia bei na kuonyeshea njia ya msalani. Yeye alikuwa na Kiajemi chenye joto, kinachojua kumbembeleza kikongwe aliyechoka na kumtania mzee aliyepotelewa na kiatu mlangoni mwa haramu, lile kaburi tukufu linalozuriwa. Wazuru waliotoka Tabriz, Yazd na Mashhad walipanda mabasi yao ya kurudi wakiuliza kama mwakani watamkuta. Hajj Abbud, mwenye hoteli, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alizoea kumwita kwa jina la bintiye, akisema mbele ya wageni:

"Huyu Abu Ruqaya mama yake alimzaa huku, lakini ulimi wake ulizaliwa kwenu."

Wageni wakicheka, Chasib naye hucheka, kisha huinamisha macho na kujishughulisha na birika. Maana sifa ile ilikuwa ya kweli kuliko alivyojua msemaji, na kila iliporudiwa, yeye aliipokea kama mtu anayepigwa kibao mbele ya watu na kulazimika kushukuru.

Asili ya ulimi huo ilikuwa hivi. Zama za vita vya miaka minane na Waajemi, Chasib alikuwa kijana aliyesomea lugha Baghdad, akachukuliwa na idara ya upelelezi wa jeshi, akapelekwa mashariki ya Basra, akaketishwa ndani ya handaki lenye unyevu, akavikwa masikioni spika za kusikilizia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza redio za adui na kufasiri. Mwaka hadi mwaka hakuona uso wa Mwajemi hata mmoja. Aliwajua kwa sauti: huyu ana pumu, huyu anaogopa, huyu amepata barua ya kwao.

Miongoni mwa sauti hizo palikuwa na moja ambayo wenzake wa upande ule waliiita Asali. Ilikuwa sauti ya kijana, yenye kicheko kilichokaa karibu na meno. Asali na mwenzake wa kituo cha pili walikuwa wa mji mmoja, na walipokuwa na jambo la siri waliacha Kiajemi cha watu wote wakazungumza lugha ya milimani kwao, wakiamini kwamba hakuna Mwarabu aliyezaliwa wa kuifahamu. Mwanzoni waliamini sawa. Lakini Chasib alikaa na lugha ile kipupwe na kiangazi, akaijua kama mpangaji anavyomjua jirani kupitia ukutani: kwanza kikohozi, halafu ugomvi, halafu kila kitu. Wakubwa zake wakafurahi.

Naye Asali alijua kwamba anasikilizwa. Kila asubuhi, kabla ya shughuli, alimtupia msikilizaji wake maneno ya utani.

"Na wewe jirani uliyetega sikio, umekunywa chai? Kunywa, bwana. Chai ya mgeni ikipoa, mwenyeji ni maiti."

Ndani ya handaki, Chasib huinua gilasi yake kidogo, kama anayeitikia. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo.

Ikafika asubuhi moja, Asali akamweleza mwenzake kwa lugha ya milimani mahali walipohamia: ndani ya tanuri la matofali lililovunjika, pale mfereji unapopinda. Akasifu kivuli chake. Akasema wako wengi, na kwamba leo wamepata sukari. Chasib akafahamu neno kwa neno, akaandika, akapeleka. Kabla ya adhuhuri mizinga ikasema. Baada ya hapo mawimbi yale ya redio yakabaki na mvumo mtupu, na Chasib akakaa akiusikiliza mpaka mwenzake mmoja akamgonga begani: "Vua hizo spika, ndugu yangu. Umeshawamaliza." Akapewa nishani na likizo. Katika likizo hiyo akaoa. Ndiyo sababu kila mkewe Nadhima alipoisimulia harusi yao mbele ya wageni, mumewe alikumbuka jambo la kufanya katika chumba kingine.

Miaka ikapita, dola iliyompeleka vitani ikaanguka, jeshi likavunjwa kwa tamko moja, na watu wa idara yake wakatawanyika kama vifaranga waliopitiwa na kipanga. Mmoja akaendesha teksi. Mwingine akawa mlinzi getini kwa wageni wa ng'ambo. Wa tatu alifungua kibanda cha kutengeneza simu huko Nasiriya, akawa anasema kwa mzaha kwamba siku hizi watu humletea simu zao wenyewe, tena humlipa. Chasib alikaa ndani. Karbala ni mji ambao hapana nyumba isiyokuwa na mtu aliyechukuliwa na dola ile asirudi, na neno upelelezi hapo hutemwa kama kokwa chungu. Ni yule wa simu aliyemshauri.

"Sema ulikuwa mawasiliano."

"Huo si ni uongo?"

"Uongo ni wa kusemwa, Chasib. Huu ni wa kunyamaza tu. Hauna dhambi kubwa."

Chasib alikuwa mtu wa sala, akajua fika kwamba rafiki yake si mufti. Hata hivyo fatwa ile ilimfaa. Mipaka ilipofunguliwa na mabasi ya Waajemi yakaanza kumiminika kuja kuzuru, akaenda kwa Hajj Abbud.

"Jeshini ulikuwa wapi?" Hajj Abbud alimuuliza.

"Mawasiliano."

"Na Kiajemi umekipata wapi?"

"Redioni."

"Redioni," Hajj Abbud akarudia, akamtazama. "Mimi redio nimeisikiliza maisha yangu yote na sikupata kitu ila kuumwa kichwa. Haya, anza kesho."

Siku hiyo ya kwanza ndiyo iliyomfedhehesha mbele ya nafsi yake. Alikuwa hajawahi kumsemesha mtu hai kwa Kiajemi. Alikuwa amesikiliza tu. Alipofungua kinywa kuwakaribisha wageni, haikutoka sauti ya mwalimu wake wa Baghdad. Ilitoka ya Asali. Mvuto wake wa maneno, viapo vyake, hata kile kicheko kilichokaa karibu na meno. Chasib aliduwaa, lakini wageni walikuwa tayari wanatabasamu. Alijaribu wiki ile kukitoa kinywani Kiajemi hicho akashindwa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuweka mahali pake. Basi akakiacha. Akakitumia kuwapokea watu na kuwaaga, akamsomeshea binti yake Ruqaya, akaezekea nyumba. Msemo ule wa chai nao akauweka katika kazi. Kila alipomimina alisema: "Chai ya mgeni ikipoa, mwenyeji ni maiti," na wageni wakaupenda, wengine wakaurudia. Alidhani ni methali ya Waajemi wote. Hilo ni kosa ambalo hulikosea msikilizaji peke yake: aliyejifunza lugha kwa koo moja hudhani yaliyomo katika koo hilo ni ya umma mzima.

Vuli moja likaja basi kutoka Khansar, mji wa milimani wenye asali na theluji. Chasib hakujua jina la mji wa Asali, kwa hiyo Khansar kwake ilikuwa kama Yazd au Qom. Aliwapokea, akawagawia vyumba, na asubuhi akaingia ukumbi wa chakula na birika lake, akipita meza baada ya meza. Karibu na dirisha aliketi bibi kizee mdogo wa umbo aliyejifunika baibui jeusi, anaitwa Bi Gohar, pamoja na binti yake wa makamo, Tahira. Bibi alikuwa amesogeza istikani yake pembeni ili afungue fundo la kitambaa alimotia peremende za kwao.

"Mama, kunywa kwanza," Chasib akamwambia kwa furaha. "Chai ya mgeni ikipoa, mwenyeji ni maiti."

Mikono ya Bi Gohar ikasimama juu ya fundo.

"Umesema nini, mwanangu?"

Chasib akarudia, akidhani kikongwe hasikii vizuri. Safari hii Tahira naye aliinua kichwa.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Si methali yenu, mama? Waajemi wote wanaisema."

"Waajemi gani?" Bi Gohar akauliza taratibu. "Hayo ni maneno yangu. Siku aliyofariki baba wa watoto hawa, mgeni alikuwa sebuleni, nami nikamsahau. Mgeni akaitazama istikani yake imepoa, akajua, akavua kofia. Tangu siku hiyo nikawa nawaambia wanangu hivyo. Sijayasikia nje ya mlango wangu." Akamwangalia mdomo, wala si macho. "Na unayatamka kama yeye. Tahira, hujasikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kama nani?" Chasib akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Kama Niimatullah wangu. Alikuwa mtu wa redio, upande wa Basra. Hakurudi. Hata kipande cha shati hakikurudi."

Hapo ndipo mja huyu alipopewa mlango wa kutokea, akachagua dirisha. Kweli ilikuwa kinywani mwake, imekaa tayari. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, Hajj Abbud alikuwa mlangoni anahesabu mikate kwa macho, na woga ukatangulia.

"Palikuwa na mateka mmoja," akasema. "Zamani, wakati wa vita. Nilikuwa mawasiliano, nikapita kambini kwao siku moja. Nilimsikia akiwaambia wenzake. Yakanikaa."

Alitarajia kwamba bibi atalia, na jambo litakwisha. Bi Gohar hakulia. Uso wake ulifunguka, kidogo kidogo, kama duka linalofunguliwa baada ya msiba.

"Mateka," akasema. "Alhamdulillah. Kwa hiyo hakuuawa."

Ndipo Chasib alipofahamu alichokifanya. Kumficha maiti ni jambo moja. Yeye alikuwa amemfufua.

Siku mbili zilizofuata Bi Gohar hakuwa kikongwe tena. Alikwenda haramu na kurudi kwa miguu yake akikataa kushikwa mkono. Kila alipomwona Chasib alikuwa na swali. Alikuwa amekonda? Alikuwa na ndevu? Kambi ile iko wapi, na waliokuwamo walipelekwa wapi? Chasib akajibu kwa vipande, kila kipande kikidai kingine. Wazuru wenzake wakaanza kumpongeza bibi kwa kunong'ona. Chasib alipojaribu kumkwepa kwa kupita mlango wa jikoni, Tahira alimkuta kwenye ngazi, akasimama katikati ya njia.

"Kaka, nina neno na wewe."

"Sema, dada yangu."

"Mateka wa mwisho walirudi miaka mingi iliyopita. Sote tulikwenda kuwapokea. Mama alishika picha barabarani mpaka mabasi yakaisha. Ilituchukua miaka kumtuliza. Alikuwa ameanza kumsomea Fatiha, unajua? Mwaka huu ndiyo ameanza. Amekuja hapa kumwombea kama anavyoombewa maiti." Akashusha pumzi. "Jana amepiga simu nyumbani, amemwambia ndugu yangu apake chokaa chumba chake."

Chasib aliangalia mlango wa jikoni nyuma yake.

"Kama una la kweli, mpe. Kama huna, mwambie umekosea. Ila usimrudishe nyumbani hivi alivyo, maana atakayeishi naye ni mimi."

"Mwenyezi Mungu atafanya wepesi," Chasib akasema, na aliposikia maneno matakatifu yakitumika kufunikia woga wake, uso ulimwaka.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Bi Gohar alimtuma mtu amwite. Alitaka kwenda sokoni, na alimtaka Chasib, si mwingine, amsaidie kupatana bei. Hajj Abbud akampa ruhusa kwa furaha: "Nenda, nenda. Kikongwe kimekupenda. Angalia tu kisikupeleke Khansar ukatuacha." Wakatoka watatu, bibi mbele, Tahira na Chasib nyuma kama waliofungwa kamba. Bibi alipita maduka ya tasbihi na ya zafarani asiyatazame, akasimama kwa muuza mashati.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno mengi na Kiajemi cha kuokoteza.

"Karibu, mama, karibu. Shati la nani? La mzee wako?"

"La mwanangu," akasema Bi Gohar.

"Ana unene gani huyo bwana?"

Bibi akageuka, akampima Chasib kwa macho kuanzia mabegani.

"Alikuwa kijana alipoondoka, sasa atakuwa mtu mzima. Atakuwa kama wewe. Hebu livae hili, mwanangu. Juu ya nguo zako tu."

Lilikuwa shati jeupe la pamba, kola ya kusimama. Chasib alisema halina haja. Muuzaji akacheka: "Vaa, bwana, haliumi. Wengine hapa ningewatoza kwa kujaribu." Tahira alikuwa ametazama pembeni. Chasib akanyoosha mkono mmoja, kisha wa pili. Bi Gohar akamkaribia, akafunga kifungo cha juu kwa vidole vilivyopinda kwa uzee, akavuta bega huku na huku, akalainisha kitambaa kifuani pake kwa kiganja, kama kina mama wanavyofanya siku ya Idi.

"Yeye mabega yalikuwa mapana kidogo," akasema peke yake. "Lakini mateka hukonda. Litamtosha."

Chasib alikuwa amesimama mikono imetawanyika, amevaa shati la mtu aliyemwua, na mama wa mtu huyo anamtafutia mikunjo. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, haipasuki kwa ajili ya watu wa namna yake. Akafungua kinywa, na ili muuzaji asielewe, wala wapita njia, akasema kwa lugha ya milimani, ile ambayo hajawahi kuitamka mbele ya mtu.

"Mama, hakuwa mateka."

Bi Gohar aliposikia lugha ya nyumbani kwake ikitoka kwa Mwarabu, kiganja chake kilibaki pale kilipokuwa, juu ya kifua.

"Sikumwona. Sikupata kumwona hata siku moja. Mimi nilikuwa upande wa pili, namsikiliza redioni. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Wenzake walimwita Asali."

"Asali," akasema bibi. "Baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki."

"Lugha hii nimeipata kwake. Kiajemi chote nilichonacho nimekipata kwake. Kila asubuhi alinisalimu. Alijua niko. Aliniuliza kama nimekunywa chai."

"Alikukaribisha chai."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukafanya nini?"

Muuzaji alikuwa anakunja mashati mengine, akiimba chini chini. Chasib alitafuta neno laini. Katika lugha ile hakuwa na maneno laini ila yale ya marehemu.

"Siku moja alimwambia mwenzake walipo. Tanuri la matofali, pale mfereji unapopinda. Nikaandika. Nikapeleka. Wakapigwa kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo sikumsikia tena."

"Vua," akasema Bi Gohar.

Chasib akakosea kifungo. Tahira, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, alisogea kama anayetaka kusaidia, kisha akarudisha mkono. Shati lilipotoka, bibi akalichukua, akalikung'uta mara moja hewani kama lililoguswa na vumbi, akalikunja vizuri, kola juu.

"Vipi, mama, halikufaa?" muuzaji akauliza.

"Linafaa," Bi Gohar akamjibu kwa Kiajemi cha watu wote. "Nifungie." Akalipa bei aliyotajiwa, bila kupatana. Hata muuzaji akaona haya, akaongeza leso.

Walipofika kwenye kona ya hoteli, bibi alisimama. Aliongea bila kupandisha sauti.

"Tanuri hilo lipo bado?"

"Lilikuwapo nilipopita mara ya mwisho. Kuta tu."

"Utawaonyesha wanaotafuta mifupa. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako, wala usimtume mtu."

"Nitawaonyesha."

"Kukusamehe, sijui. Sijaja na jambo hilo katika mzigo wangu. Nimwulize kwanza mwenyewe nitakapomzika." Akahamisha kifurushi cha shati kwapani. "Lakini liko moja ninalolidai leo. Ulimi huu si wako. Umemnyang'anya mwanangu roho, kisha ukauchukua ulimi wake ukaufanya duka. Unawauzia watu kicheko chake. Usiseme nao tena mbele ya wanaokulipa."

"Mama, nitasema kwa ulimi gani? Sina mwingine."

"Jifunze. Yeye aliuachia njiani hata ndevu hazijamkaa. Wewe umri wa kujifunza unao."

Basi la Khansar liliondoka asubuhi. Bi Gohar alipanda bila kugeuka. Tahira alimsogelea Chasib akamwomba jina lake kamili na kazi aliyokuwa akiifanya jeshini, kwa ajili ya ofisi inayoshughulika na waliopotea vitani. Chasib akataja jina. Kazi akaitaja kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu jeshi livunjwe. Haikumpa wepesi wowote. Ilikuwa kama kutapika mbele ya watu: kinachotoka kimetoka, lakini walioona wameona.

Ilimbidi aombe ruhusa ya kwenda Basra, na mtu hawezi kuomba ruhusa ya namna hiyo bila kutoa sababu. Hajj Abbud alimsikiliza nyuma ya meza yake mpaka mwisho, tasbihi imesimama mkononi. Kaka yake Hajj Abbud alichukuliwa mlangoni mwa msikiti mwaka wa maasi dhidi ya dola ile, na sahani yake ilikuwa bado inawekwa mezani siku za Idi.

"Ningelijua siku ile," akasema hatimaye, "nisingelikupa hata ufagio."

"Una haki."

"Najua kuwa nina haki. Nani amekuuliza?" Akavuta punje moja ya tasbihi. "Miaka yote hii nakusifu mbele ya watu. Mbona hukuniziba mdomo?"

Hajj Abbud akageukia dirisha.

"Nenda Basra. Ukirudi, kuna basi la Qom. Sina mkalimani mwingine, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi."

Chasib akaenda. Aliwaongoza wenye majembe katika uwanda wa chumvi mpaka mfereji unapopinda, akawaonyesha kuta zilizobaki, akasimama kando walipokuwa wakichimba. Hakutakiwa kushika jembe, naye hakuthubutu kuomba. Walipotoa cha kwanza kilichokuwa chini ya matofali, mmoja wao alimwuliza kwa ukarimu, "Ulikuwa na ndugu yako hapa, mzee?" Akasema hapana. Yule akadhani ni msiba umemziba kinywa, akampa maji ya baridi. Aliyanywa, akijua kwamba hakuustahiki ukarimu ule.

Baada ya miezi, mzuru mmoja wa Khansar alipita Karbala akaeleza habari za mji wao: kijana fulani wa zamani ameletwa, amezikwa juu karibu na mizinga ya nyuki, na mama yake alitia ndani ya kaburi shati jeupe la Karbala. Salamu hazikuletwa, wala Chasib hakuzitarajia.

Tangu basi lile la Qom, wazuru wa hoteli ya Hajj Abbud wamekuwa wakipokewa kwa Kiajemi kibovu. Chasib alitoa makabatini kitabu chake cha Baghdad, akaanza tena na maneno ya mwalimu, makavu, yasiyo na nyama. Nyakati nyingine kile kingine humjia kinywani chenyewe, kitamu, kimekamilika; hapo husimama katikati ya sentensi, akakimeza, akatafuta neno la kitabu. Wageni hudhani amepatwa na kiharusi. Waliomjua zamani humwuliza Hajj Abbud kulikoni, naye hujibu kwa mkato, "Amezeeka," na kumtuma Chasib kubeba mizigo.

Juma lililopita alikuwa akipita na birika. Mzee mmoja wa Kashan, mcheshi, alimsikiliza akihangaika kueleza saa ya kuondoka, akawakonyeza wenzake.

"Huyu ndiye mkalimani wenu? Kiajemi chake kimevunjika miguu yote miwili. Nani alikufundisha, ndugu?"

Meza nzima ikacheka. Chasib aliushika vizuri mkono wa birika, masikio yakimwaka moto, akajaza istikani ya mzee yule mpaka ukingoni bila kuongeza msemo wowote.

"Niwie radhi," akasema, akitafuta kila neno mahali pake. "Mimi bado najifunza."